Twende Kilioni: Utunzi wa Mizani Sita

Washairi wa pwani wamezisifu nywele tangu zamani, lakini aghalabu wamezisifu za namna moja: za singa, laini, zilizoteremka mgongoni. Anayesifiwa ameketi, hana safari, hana mtoto mgongoni, wala hapana anayemngoja mlangoni. Mwenye kipilipili, ambaye mara nyingi ndiye msomaji mwenyewe, huzipitia diwani hizo asijione.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa na jicho jingine. Katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamwagiza aoge, ajitie manukato, afunge nywele zake na atunge asumini. Hapa nywele zina mkono unaozishughulikia, na agizo ni la mama mgonjwa anayejua kuwa siku zake ni chache. Hata hivyo, mlango wa beti hizo umefungwa. Nywele zinafungwa kwa ajili ya chumba na mume.

Nje ya mlango huo wanawake wameupa mtindo mwingine jina ambalo uhakiki haujalitendea haki. Twende kilioni ni mistari michache, minene, isukwayo kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Haihitaji nywele za kuongezea wala mapambo. Chanuo, mafuta kidogo na mikono ya jirani vyatosha, na kichwa kikawa nadhifu mapema. Rasta nyembamba humkalisha mtu kutwa. Mtindo huu humwachia siku yake.

Litazamwe jina lenyewe. Lina mizani sita, pungufu mbili kwa kipande cha utenzi, wala halitaji nywele, uzuri au mtazamaji. Linaanza na kitenzi, tena cha wingi: si "niende", ni "twende". Mwenye kusukwa na mwenye kusuka wamo humo, na majirani pia. Kisha "kilioni": kiambishi kimekifanya kilio kuwa mahali, kama sokoni au kisimani, mahali pa kufikiwa kwa miguu. Kejeli nayo imo, maana aliyesukwa hivyo pengine leo anakwenda gengeni tu kununua nyanya.

Watakuwapo watakaosema kuwa hilo ni jina, si shairi. Mbona majina ya kanga yamekusanywa na kuandikiwa tasnifu? Tofauti ni kuwa ya kanga huchapwa viwandani, na haya ya nywele hupita kwa mdomo, huku mtindo wenyewe ukifumuliwa baada ya siku chache. Hiyo ni sababu ya uvivu wa mhakiki, si hoja yake.

Wala utunzi huu haukuwekewa mpaka wa bahari. Na afikiriwe mwanamke wa Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Lugha ya nyumbani ni Kinyiramba. Zao la mafuta ni alizeti, si nazi. Habari ya msiba ikimfikia alfajiri, singa na asumini za diwani zetu hazina la kumwambia. Maneno mawili ya wasusi yanalo, na ni Kiswahili kilekile ambacho washairi wa visiwani hudai kukitumikia kuliko wengine.

Siku hizi wengi hulaza nywele kwa dawa au jeli, wakazivuta na kuzibana nyuma kwa mpira. Haraka ni ileile, unadhifu ni uleule, na si haki kuwabeza. Ila "kubana nyuma" kunaeleza tendo tu. Hakumwiti mtu wa pili. Mtunzi wa jina la zamani alijua kuwa safari ile haiendwi peke yako, na alijua vilevile kuwa kwenye msiba wenyewe kanga itafunika kichwa chote, na mistari ile isionwe na yeyote mpaka jioni, mama atakaporudi nyumbani na kuivua.