Gavana 'ametimuliwa' mara ngapi? Kasoro ya istilahi tuliyoiazima nusu

Kati ya Desemba 2022 na Agosti 2024, Bunge la Kaunti ya Meru lilipitisha mara tatu hoja ya kumwondoa mamlakani Gavana Kawira Mwangaza. Vitenzi tunavyovizoea redioni na magazetini katika visa kama hivi ni vilevile: ametimuliwa, amebanduliwa, ameng'olewa. Mara mbili za kwanza, Seneti iliyatupa mashtaka. Mara ya tatu iliyakubali, lakini mahakama ikasimamisha uamuzi huo, na gavana hakuondoka hadi Mahakama Kuu ilipotoa hukumu Machi 2025.

Msikilizaji aliye katika soko la Muthara, Tigania Mashariki, ana haki ya kuuliza: "Si mlisema ametimuliwa? Mbona basi bado yuko kazini?" Swali hilo ni la kisiasa, ndiyo, lakini kwanza ni swali la lugha. Hoja yangu ni kwamba tuliazima utaratibu mzima kutoka katika historia ya Marekani, kisha tukaupa jina la hatua yake ya mwisho pekee.

Tuanze na chimbuko. Neno la Kiingereza 'impeachment' lilipitia Kifaransa cha kale kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumtia mtu pingu za miguuni. Wazo lake la msingi ni kumzuia mtu, si kumfukuza. Mwaka wa 1376, makabwela wa Bunge la Uingereza walipomfuata William Latimer kwa utaratibu huu, walikuwa wakimshtaki mbele ya mabwanyenye, ambao ndio waliokuwa waamuzi.

Waasisi wa Marekani waliokutana Philadelphia mwaka wa 1787 waliuhifadhi mgawanyo huo. Bunge la Wawakilishi hushtaki. Seneti husikiliza na kuamua, na haiwezi kumtia mtu hatiani bila thuluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Mwaka wa 1868, Rais Andrew Johnson alishtakiwa na Wawakilishi, lakini Seneti ilipopiga kura 35 kwa 19, ilipungukiwa na kura moja tu. Johnson akamaliza kipindi chake. Bill Clinton alishtakiwa mwaka wa 1998, Donald Trump mwaka wa 2019 na tena 2021. Wote waliondolewa lawama na Seneti. Kwa hivyo, hakuna rais wa Marekani aliyewahi kuondolewa mamlakani kwa njia hii. Mwanafunzi anayefasiri neno hilo kuwa 'kutimua' atajibu mtihani wake kwamba Johnson alitimuliwa, na atakuwa ameikosea historia nzima.

Kenya ilifuata mkondo huohuo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 181 kinataja sababu za kumwondoa gavana, na Sheria ya Serikali za Kaunti inaeleza hatua zake. Hoja ikiungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya wanachama wote wa bunge la kaunti, mashtaka hupelekwa katika Seneti. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba gavana ataendelea kutekeleza majukumu yake hadi shauri limalizike. Yaani kisheria, siku ile tunayotangaza 'ametimuliwa', mtu huyo ana mamlaka yake yote.

Sasa tuvitazame vitenzi vyenyewe. Kutimua ni kufukuza, anayetimuliwa ameshaondoka. Kubandua ni kutoa kilichobandikwa. Hakuna kubandua nusu. Wapo pia wanaosema 'kumng'atua', ilhali 'kung'atuka' kulienezwa na Mwalimu Nyerere, kutoka lugha yake ya Kizanaki, kwa maana ya kuachia madaraka kwa hiari. Vitenzi hivi vyote vinaitaja hukumu. Hakuna hata kimoja kinachotaja mashtaka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chetu hakina uhaba wa maneno hapa. Mwandishi yuleyule anayeripoti kesi ya wizi wa ng'ombe hutofautisha kwa makini mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa. Hawezi kuandika kwamba mtu amefungwa kwa sababu tu amesomewa mashtaka. Kwa nini basi uangalifu huo ufe anapofika bungeni?

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Watakumbusha kwamba Kifungu cha 259 kinaipa nakala ya Kiingereza ya Katiba kauli ya mwisho pale nakala zinapokinzana. Ni kweli, lakini mpigakura wa Muthara haamui kwa Kiingereza ikiwa ametendewa haki. Akishaambiwa gavana amefukuzwa, kisha Seneti ikayatupa mashtaka, atahisi kwamba maseneta wamemrudisha kwa mlango wa nyuma mtu aliyekwisha kuondolewa. Shaka ya hongo huzaliwa hapo, na waliochangia ni sisi wenye kalamu na vipaza sauti. Wameru wanaoijua Njuri Ncheke hawahitaji kufundishwa kwamba mlalamishi na mwamuzi ni watu wawili. Na neno 'seneti' lenyewe lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya mzee.

Pendekezo langu halihitaji msamiati mpya. 'Hoja ya kumtimua' haina kosa, kwa kuwa inataja lengo. Kosa liko katika 'ametimuliwa'. Bunge la kaunti likipitisha hoja, tuseme gavana 'ameshtakiwa katika Seneti'. Seneti ikiyakataa mashtaka, tuseme 'ameondolewa lawama', si 'amenusurika', neno linaloashiria kuponea chupuchupu. Ikiyakubali, hapo ndipo 'ameondolewa mamlakani' linapopata mahali pake. Atakayeona kwamba 'kushtakiwa' kunanukia jinai aongeze 'kikatiba', na utata utaisha.

Wahariri wa habari na wakuzaji mitaala wana nafasi ya kulirekebisha hili kabla ya hoja nyingine kuletwa katika kaunti nyingine. Zipo 47, na uchaguzi mwingine uko njiani.