Somo Huanza Juzi

Mwalimu tarajali wa hisabati akishapanga maswali yake usiku, asubuhi yuko tayari kuingia darasani. Wa baiolojia hana nafasi hiyo. Akitaka wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waone ukungu, mkate lazima unyunyiziwe maji na kufunikwa siku tatu au nne kabla ya kipindi. Akitaka waone mbegu inavyoota, maharage na mahindi yapandwe kwa zamu, mengine leo, mengine keshokutwa, mengine baada ya hapo, ili siku yenyewe meza iwe na kila hatua: mzizi unaochungulia, harage lililojikunja likijiinua juu ya udongo, na punje ya hindi iliyobaki chini huku ikipeleka jani lake tu juu. Akitaka kuthibitisha kwamba jani lisilopata mwanga halitengenezi wanga, mmea ukae gizani takriban siku mbili. Hakuna kengele ya shule inayoweza kuuharakisha.

Nimekuwa nikiwatazama walimu hawa wakifundwa, vyuoni na katika mazoezi ya kufundisha, na kila nikiwatazama naona kwamba ufundi wao mkubwa ni huu wa kuujua muda. Wanafanya kazi na viumbe hai, na kiumbe hai kina ratiba yake. Halafu wanaileta ratiba hiyo mbele ya watoto sitini na zaidi, kila mmoja na mwendo wake wa kuelewa, na wanapewa dakika 40. Kuzikutanisha saa hizo mbili ndiyo kazi yenyewe.

Kwa Tanzania wapo wanaosomea stashahada katika vyuo vya ualimu kama Korogwe, Monduli na Kleruu, na wapo wanaochukua shahada ya sayansi pamoja na elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki vya DUCE, Chang'ombe, na Mkwawa, Iringa, vyote viwili vilivyoanzishwa mwaka 2005. Saikolojia ya elimu, falsafa na upimaji ni mambo ya lazima, nayo yana vitabu vyake. Kinachonivuta mimi ni yale ya maabara alasiri, wenzao wakiwa wameshatoka, pale mkufunzi anapomtaka mwanachuo arudie jaribio alilolijua tangu sekondari, safari hii si kwa ajili ya maksi zake bali kwa ajili ya macho ya mtu mwingine.

Jaribio la wanga katika jani humpima mtu vizuri. Jani huchovywa katika maji yanayochemka kwa kama dakika moja ili seli zife. Kisha moto huzimwa, na uzimwe kweli, kwa sababu hatua inayofuata ni ya spiriti, nayo hushika moto upesi. Neli yenye spiriti na jani huwekwa ndani ya maji yale yale ya moto mpaka ukijani wote utoke. Jani sasa limepauka na linavunjika kwa kuguswa tu, kwa hiyo huoshwa katika maji ya uvuguvugu lilainike, hutandazwa kwenye kigae cheupe, na matone ya iodini hudondoshwa. Penye wanga hugeuka bluu iliyokolea hadi weusi. Mwanachuo yeyote anaweza kuzikariri hatua hizo. Kisha anakwenda shuleni, kipindi chake ni cha kwanza asubuhi, anachuma jani saa moja na nusu, anafuata kila hatua ilivyo, na jani linabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Darasa zima linamtazama.

Mkufunzi mmoja niliyemsikia akilijadili jambo hilo na wanachuo wake hakuwapa jibu. Aliwauliza mmea ulikuwa unafanya nini usiku kucha na chakula ulichojiwekea. Walikaa kimya muda mrefu. Hatimaye mmoja akasema kwamba wanga wa jana ulikuwa umeshasafirishwa na kutumika, na jua la leo lilikuwa halijapata nafasi ya kufanya kazi. Basi tufanyeje, mwalimu, na ratiba ya shule haibadiliki? Wakafika wenyewe: jani lichumwe jana yake alasiri, likiwa limepigwa na jua mchana kutwa, lichemshwe, lihifadhiwe ndani ya spiriti. Wanga hauyeyuki humo. Asubuhi kinachobaki ni iodini tu, na darasa linaona kilichotakiwa kuonekana.

Nililipenda somo hilo kwa sababu baiolojia na ualimu vilikuwa kitu kimoja ndani yake. Anayejua usanisinuru kwa kukariri hawezi kulitatua, na anayejua mbinu za kufundisha peke yake hawezi pia.

Ujuzi huo huo wa muda huhitajika katika azimio la kazi. Muhtasari una mpangilio wake wa mada, lakini mvua haikuusoma. Anayefundisha upande wa Korogwe ana masika na vuli. Aliyepangiwa Iringa au Dodoma ana msimu mmoja wa mvua, na ukimpita amebaki na picha za kitabuni. Viluwiluwi, uyoga, panzi wanene wa majani mabichi, vyote huja kwa wakati wao. Mwalimu aliyeiva huandika azimio akiwa na kalenda ya mihula mkono mmoja na kumbukumbu ya mvua mkono wa pili, na mada inayoweza kusogea huisogeza.

Halafu kuna kufaragua, neno linalosikika vyuoni kila siku. Shule nyingi, hasa za kata, hupokea mwalimu wa baiolojia kabla hazijapata vifaa vya baiolojia. Basi mwanachuo hufundishwa kuzunguka dukani na sokoni kwa jicho la maabara. Mrututu wanaotumia wakulima kwa magonjwa ya mimea ni kopa salfeti. Ukichanganya myeyusho wake kidogo na myeyusho wa kostiki ya watengeneza sabuni juu ya ute wa yai, zambarau hutokea na protini imejitangaza. Kostiki hiyo inaunguza ngozi na macho, na mkufunzi makini haruhusu mtu aishike kabla hajaeleza atafanya nini ikimrukia. Chokaa ya kupaka ukuta, ikiwa haijakaa wazi muda mrefu, hukorogwa na maji, huachwa itulie usiku, na maji maangavu ya juu huchujwa. Mtoto akipuliza humo kwa mrija, maji hugeuka meupe kama maziwa, naye ameiona kabonidayoksaidi iliyotoka kifuani mwake. Kiazi mbatata kilichochimbwa shimo katikati, sukari ndani na maji nje, hufundisha osmosisi, mradi pembeni kuwe na kiazi kingine kilichochemshwa cha kulinganishia. Hicho cha pili ndicho wengi hukisahau, na bila hicho hakuna jaribio.

Nauheshimu ufaraguzi huu, lakini sikubali utumike kama kisingizio. Tone la maji juu ya kioo litakuza mguu wa sisimizi. Halitaonyesha kiini cha seli ya kitunguu. Kwa hilo inahitajika hadubini, na shule isiyo nayo inadaiwa.

Kuna ufundi mwingine ambao naweza kuutazama mchana kutwa: uchoraji ubaoni. Kwenye karatasi kanuni zake zinajulikana: penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina isikatane. Ubaoni ni jambo jingine, kwa sababu mchoro unazaliwa mbele ya watu. Mwanachuo anayeanza huchora moyo mzima akiwa amelipa darasa mgongo, kimya, kisha hugeuka na kuanza kueleza kitu ambacho wanafunzi wameshakinakili bila kukielewa. Aliyefundwa husimama ubavu. Anachora kuta za nje, anasimama, anauliza damu iliyotoka mwilini itaingilia wapi. Ndipo anapochora mshipa. Anauliza ikishaingia nini kitaizuia isirudi nyuma, na ndipo vali inapochorwa. Akifika kwenye kuta za ventrikali, upande wa kulia anaupa mstari mwembamba, wa kushoto anaupigia chaki mara mbili, tatu, mpaka ukuta unakuwa mnene, na hasemi neno. Lazima mtoto mmoja atauliza kama amekosea. Hapo somo limefika lilikokuwa linakwenda: upande mmoja unasukuma damu hadi mapafuni tu, mwingine unaisukuma hadi kwenye vidole vya miguu. Kila mstari umekuja kwa kuhitajika. Kuna na lile la kushoto kwa moyo kukaa kulia kwa ubao, ambalo wanaozoea hulimaliza kwa kuushika mchoro kifuani kana kwamba ni wa mtu anayelitazama darasa.

Kunyamaza baada ya kuuliza ni kugumu kuliko kuchora. Katika mazoezi ya kufundishana wao kwa wao chuoni, wengi huuliza swali na kulijibu wenyewe papo hapo, kwa hofu. Swali moja linalofaa kuwafundisha subira ni hili: mti mkubwa huupata wapi uzito wake? Wanafunzi karibu wote watasema udongoni. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti wa kilo mbili na ushei katika udongo mkavu wa kilo kama 90, akaumwagilia maji miaka mitano. Mti ulifika kilo kama 77, udongo ukapungua gramu kama 57 tu. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Ukiwapa watoto tarakimu hizo kisha ukakaa kimya, utasikia darasa likifikiri. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba uzito ulitokana na maji, kwa kuwa hakujua sehemu ya hewa, na wanafunzi hufurahi kujua kwamba mtu anaweza kupima vizuri hivyo na bado jibu likawa nusu.

Mada ya uzazi huja na vicheko vyake, na mwanachuo huandaliwa kwa hilo pia: kutamka jina la kila kiungo kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja sehemu za ua wiki iliyopita, kusubiri kicheko kipite bila kukigombeza, na kuendelea. Walioanza na ua, wakalipasua, wakaonyesha chavua na ovari, huona darasa limeshatulia nusu njia.

Mwisho wa andalio la somo kuna sehemu ya tafakari, inayojazwa baada ya kipindi. Ndiyo ninayopenda kuisoma nikiruhusiwa kushika madaftari ya wanaotoka mazoezini. Mwanzoni wote huandika sentensi ile ile, kwamba somo limeeleweka kwa asilimia 80. Wiki zikisonga, katika madaftari ya wale watakaokuwa walimu, asilimia hupotea na mambo huanza kuingia. Waliokaa nyuma hawakuona rangi ikibadilika, safari ijayo neli zizungushwe. Panzi walikuwa watano kwa makundi tisa. Nimeuliza swali la vali mapema mno. Daftari moja, juu ya somo la mzunguko wa damu, lilikuwa na mistari miwili tu: kuagiza moyo wa mbuzi buchani Jumatatu, usipasuliwe, kuupasua mwenyewe nyumbani kwanza.