Kigezo cha Ujumbe na Mipaka Yake: Uhakiki wa Nyimbo Zilizotamba za Bongo Fleva, 2000–2009

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki nyimbo teule za Bongo Fleva zilizotamba nchini Tanzania kati ya mwaka 2000 na 2009. Lengo lake si kusimulia upya historia ya muziki huo, kazi ambayo imekwisha kufanywa na watafiti kadhaa, bali ni kukichunguza kigezo kinachotumiwa mara nyingi kuamua ni nyimbo zipi za muongo huo zinastahili kukumbukwa na kusomwa. Kigezo hicho ni ujumbe. Redioni, magazetini na hata katika vyumba vya semina, nyimbo za muongo ule hugawanywa katika makundi mawili: zenye ujumbe, ambazo huhusishwa na miaka ya mwanzo, na za mapenzi, ambazo huchukuliwa kuwa dalili ya kuporomoka. Hoja ya makala haya ni kwamba mgawanyo huo haukutokana na uchunguzi wa nyimbo zenyewe. Ulianza kama utetezi wa wasanii mbele ya jamii iliyowashuku, kisha wahakiki wakauchukua na kuufanya mizani. Kwa sababu hiyo, hata nyimbo zinazosifiwa kwa ujumbe wake zimesomwa nusu, na nyingine zimeachwa nje kabisa.

2.0 Wimbo Uliotamba ni Upi?

Kabla ya kuhakiki nyimbo zilizotamba, sharti ielezwe kutamba kuna maana gani. Katika nchi ambazo chati za muziki hutokana na takwimu za mauzo, mtafiti huweza kuitegemea orodha iliyochapishwa. Kwa Tanzania ya muongo huo njia hiyo haipo. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi; Radio One ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na vingine vikafuata. Chati za vituo hivyo zilitegemea uamuzi wa watangazaji na maombi ya wasikilizaji. Kaseti ziliuzwa na wasambazaji wa Dar es Salaam ambao ndio waliojua idadi ya nakala walizotoa, huku nakala za wizi zikiuzwa mitaani bila hesabu yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwapo, lakini haikuondoa hali hiyo.

Kwa msingi huo, makala haya hayazichukui chati za wakati ule kuwa ushahidi wa idadi ya wapenzi wa wimbo. Wimbo uliotamba unatambuliwa hapa kwa dalili zinazoweza kuthibitishwa nje ya orodha: jina au kiitikio chake kuingia katika mazungumzo ya kila siku, wasanii wengine kuujibu au kuurudia, na hadhira kuendelea kuuitikia miaka mingi baadaye. Dalili hizi ni za kifasihi simulizi. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza umbile na tabia ya kazi pamoja na muktadha wa uwasilishaji wake. Wimbo wa Bongo Fleva, ingawa hurekodiwa studio, huishi kwa kuitikiwa.

3.0 Asili ya Kigezo cha Ujumbe

Muziki wa kufokafoka ulipoanza kusikika kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana walioufanya walionekana kuwa wahuni. Perullo, katika makala yake ya mwaka 2005 kuhusu vijana na muziki huo jijini Dar es Salaam, ameonesha jinsi wasanii walivyojibu shutuma hiyo kwa kujitambulisha kuwa waelimishaji wa jamii. Jibu hilo lilikuwa na mizizi. Kwa miaka mingi Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa mlango mkuu wa muziki kuifikia hadhira, na bendi za dansi zilizopita katika mlango huo zilizoea kutoa nasaha. Msanii wa Kitanzania alitarajiwa kuburudisha na kuelimisha, na maneno hayo mawili yalitajwa pamoja kana kwamba ni moja. Kijana aliyesema wimbo wake una ujumbe alikuwa akiomba kibali cha kusikilizwa na wazee, kupigwa redioni na kuchukuliwa na wafadhili wa kampeni za afya.

Hakuna ubaya katika utetezi huo. Tatizo linaanza pale maneno ya mshtakiwa yanapogeuzwa kuwa sheria ya mahakama. Mtafiti anayechagua nyimbo kwa sababu zina ujumbe, kisha akahitimisha kwamba nyimbo alizozichagua zimejaa ujumbe, hajagundua chochote. Amerudia tu maelezo ambayo wasanii walikwisha kuyatoa wenyewe. Zaidi ya hayo, ujumbe ukishatajwa kwa sentensi moja, kwamba wimbo unakemea ufisadi au unaonya dhidi ya UKIMWI, uhakiki huonekana umekamilika. Swali la nani anasema, kwa nani na kwa haki gani halipati nafasi. Sehemu inayofuata inaliuliza swali hilo kwa nyimbo tatu ambazo kigezo cha ujumbe chenyewe kinazikubali.

4.0 Nafsi Inayosema katika Nyimbo Tatu

Wimbo wa kwanza ni “Ndiyo Mzee” wa Professor Jay, uliomo katika albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, yaani muda mfupi baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2000. Kwa kawaida huelezwa kwamba wimbo huu unawakemea wanasiasa waongo. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Nafsi inayosema ni ya mgombea mwenyewe. Ahadi zake zinapanda kutoka mambo ya kawaida hadi mambo ya kichekesho, na baada ya kila rundo la ahadi umati unaitikia kwa kukubali. Mwito na mwitikio ni muundo wa ngoma, lakini pia ni muundo wa mkutano wa hadhara, ambako kiongozi hutoa kauli na wananchi huipokea kwa sauti moja. Jina la wimbo halikutokana na maneno ya mgombea. Limetokana na maneno ya wanaomwitikia. Kwa hiyo kinachowekwa mbele ni mazoea ya kukubali kuliko uongo wenyewe. Msikilizaji anayeimba kiitikio ukumbini huchukua nafasi ya umati, akacheka na kukubali kwa pumzi moja. Kejeli ya wimbo imewekwa katika kinywa cha hadhira, na muhtasari wa ujumbe hauwezi kuifikia.

Mfano huu unaonesha pia umuhimu wa kutenganisha msanii na nafsineni. Mwaka 2015 Joseph Haule, ambaye ndiye Professor Jay, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Ikiwa wimbo ungekuwa tamko la msanii tu, tukio hilo lingeubatilisha au kuugeuza kioja. Kwa kuwa ni igizo la nafsi nyingine, wimbo umeendelea kusimama, na yeyote anayepanda jukwaani, akiwamo mtunzi wake, anaweza kupimwa nao.

Wimbo wa pili ni “Starehe” wa Ferooz akimshirikisha Professor Jay, uliovuma mwaka 2004. Ujumbe wake, kwamba ngono zembe huleta maangamizi, haukutofautiana na maandishi ya mabango ya kampeni za wakati ule. Tofauti iko kwa msemaji. Anayesema ni mgonjwa, na anasema katika kipindi ambacho Serikali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, hivyo kwa wasikilizaji wengi kuugua kulikuwa sawa na kuaga. Kiutanzu, huu ni wasia. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu wasia tangu zamani. Mfano unaofundishwa zaidi ni Utendi wa Mwana Kupona wa karne ya 19, ambamo mama mgonjwa anamuusia binti yake. Mwana Kupona ana mamlaka ya kuusia kwa sababu ameishi inavyopasa. Nafsineni wa “Starehe” anapata mamlaka yake kinyume kabisa: anastahili kusikilizwa kwa sababu ameishi isivyopasa na sasa analipa. Wimbo umechukua utanzu wa wenye heshima na kumpa mtu aliyepoteza heshima. Katika jamii ambayo mgonjwa wa UKIMWI alisemwa kwa minong’ono, kumpa nafsi ya kwanza lilikuwa tendo zito kuliko onyo lililobebwa na maneno yake.

Wimbo wa tatu ni “Wauguzi” wa kundi la Wagosi wa Kaya la Tanga, unaolalamikia namna wagonjwa wanavyohudumiwa hospitalini. Lalamiko hilo lingeweza kuandikwa kama barua kwa mhariri. Wagosi wa Kaya waliliwasilisha kwa lafudhi na mzaha wa Kitanga, ambavyo Watanzania wengi huvipokea kwa tabasamu hata kabla ya kusikia kinachosemwa. Kwa kufanya hivyo walijiweka ndani ya kanuni za utani, ambazo humruhusu mtani kutamka ukweli mchungu bila kuvunja uhusiano. Lafudhi hapa si pambo la kuchekesha. Ni leseni ya kusema. Nakala ya maandishi inayosanifisha matamshi ya wimbo huu, kama ilivyo desturi katika viambatisho vya tasnifu zetu, inaifuta leseni hiyo na kuacha lalamiko tupu.

5.0 Nyimbo Zilizoachwa Nje

Ikiwa nyimbo zenye ujumbe zimesomwa nusu, zile zilizohukumiwa kukosa ujumbe hazikusomwa. Mfano unaokipinga kigezo hiki waziwazi ni “Maria Salome” wa Saida Karoli, uliotamba nchi nzima mwanzoni mwa muongo huo ingawa sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Kihaya. Wimbo huu haukuwa wa kufokafoka na wengine watauweka nje ya Bongo Fleva. Hata hivyo, ulisikilizwa na hadhira ileile, kwa redio zilezile na kaseti zilezile. Wasikilizaji wengi hawakuweza kuueleza ujumbe wake, lakini waliucheza, waliuiga na kuukariri kwa sauti walizozisikia. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurejea katika “Salome”. Nadharia inayodai kwamba wimbo hudumu kwa ujumbe haina la kusema kuhusu kazi hii.

Mfano mwingine ni “Zali la Mentali” wa Professor Jay akimshirikisha Juma Nature. Kwa mgawanyo uliozoeleka huu ni wimbo wa mapenzi: kijana maskini anapendwa na binti wa kitajiri. Lakini neno zali, ambalo kwa lugha ya mitaani ni bahati isiyotarajiwa, linabeba swali la kitabaka. Katika masimulizi haya maskini hapandi ngazi kwa elimu wala kwa kazi, bali kwa kuangukiwa na bahati. Muongo ambao vijana walihubiriwa kujiajiri ulipata wimbo unaoshangilia zali, na furaha ya hadhira kwa kisa hicho ni ushahidi wa kijamii wenye uzito kuliko nasaha nyingi zilizoimbwa wakati huo. Tukiuweka katika kapu la mapenzi, ushahidi huo unapotea.

Aidha, kigezo cha ujumbe kina athari za kijinsia. Wasanii wa kike waliotamba, kama Lady Jaydee na Ray C, waliimba zaidi kwa mtindo wa kuimba kuliko wa kufokafoka, na nyimbo zao nyingi zilihusu uhusiano wa mwanamke na mwanaume. Kwa kuwa ujumbe ulifafanuliwa kuwa siasa, ufisadi na maradhi, masuala ya nani ana haki ya kuondoka katika uhusiano, nani anasubiri na nani anaamua hayakuhesabiwa. Mhakiki anayeanza na kigezo hicho hana budi kuishia na historia ya wanaume, hata kama hakukusudia. Jambo hilo linashangaza, kwa sababu uhakiki wa taarabu umekwisha kutufundisha kuwa wimbo wa mapenzi unaweza kuwa uwanja wa mabishano ya hadhi, mali na heshima. Somo hilo halikuvushwa kwenda katika Bongo Fleva.

Haidaiwi hapa kwamba kila wimbo wa mapenzi wa muongo ule una thamani. Ziko nyingi zilizorudia sifa zilezile za umbo la mwanamke na kusahaulika zilikostahili. Hata hivyo, ziko pia nyimbo nyingi za nasaha zilizosahaulika kwa haki, kwa kuwa msemaji wake alikuwa sauti isiyo na mwili, iliyowahubiria watu ambao haikuwajua. Kinachotofautisha zilizodumu na zilizopotea, kwa mujibu wa uchambuzi huu, ni kuwapo kwa nafsi inayosema kutoka mahali mahususi, pamoja na nafasi aliyopewa msikilizaji ndani ya wimbo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kigezo cha ujumbe kilikuwa na kazi yake katika historia ya Bongo Fleva, lakini kazi hiyo ilikuwa ya kuwatetea wasanii, haikuwa ya kuhakiki kazi zao. Yanapendekezwa mambo mawili. Kwanza, uteuzi wa nyimbo za utafiti uongozwe na dalili za kupokewa na hadhira, na nyimbo za mapenzi zisiondolewe kabla ya kusomwa. Pili, unukuzi uwe kamili: sauti za umati, vicheko, lafudhi, marudio ya kiitikio na sauti ya msanii mshirikishwa viandikwe, na kila sehemu ioneshe ni nani anayesema.

Pendekezo la pili halivumilii kuchelewa. Sehemu kubwa ya muziki wa mwanzoni mwa muongo huo ilitoka kwa kaseti, na utepe wa kaseti huharibika kwa joto, unyevu na kuchezwa mara nyingi. Viambatisho vya tasnifu zilizohifadhiwa vyuoni vinazidi kuwa mahali ambapo matini za nyimbo hizi zinapatikana zikiwa na maelezo. Tukiendelea kunukuu beti zenye ujumbe pekee, watafiti watakaokuja watakuta “Ndiyo Mzee” yenye ahadi za mgombea na isiyo na umati unaomwitikia.