Pongezi kwa Waliotunza Kalibu
Kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, inastahili pongezi. Imerudisha madukani seti za vigari vya plastiki za chapa za AMT na MPC, zile ambazo vijana wa Marekani waliziunga kwa gundi miaka ya 1960, kwa kipimo cha 1/25. Nyingi hutoka katika kalibu zilezile za chuma za enzi hizo. Uzee unaonekana: pembeni mwa chasisi kuna utando mwembamba wa plastiki iliyovuja pale kalibu ilipochoka kufumba. Unaukwangua kwa wembe, unapitisha msasa, unajaribisha kipande kabla ya gundi. Kwangu kazi hiyo ndiyo raha yenyewe. Na maboksi yenye michoro ya zamani! Hapo wamenikosha kabisa. Aliyeikosa seti utotoni sasa anainunua mpya, bila kumlipa mkusanyaji bei ya kuruka.