Mwenye Nyumba ya Wageni: Uhakiki wa Maigizo Yetu ya Krismasi

Kila mwaka vijana wa sharika zetu huigiza kuzaliwa kwa Bwana, na kila mwaka hutokea mtu yuleyule. Yusufu na Mariamu wanabisha hodi. Mlango unafunguliwa kidogo. Mwenye nyumba ya wageni anatikisa kichwa na kusema kwamba hakuna nafasi. Mara nyingi sehemu hiyo hupewa mchekeshaji wa kundi, nasi tunakiri kwamba tumemfurahia kuliko malaika wote. Lakini Luka hamjui mtu huyo. Na tuisome sura ya pili mara tatu, hatutamwona: hana jina, hana neno, hana hata mlango.

La kustaajabisha si kwamba watu wameongeza mhusika. Igizo haliwezi kuishi kwa maneno machache ya Mwinjilisti. La kustaajabisha ni kwamba wote wameongeza mhusika mmoja, hata wale ambao hawajapata kuonana. Tungetazamia kwamba pale Maandiko yanyamazapo kila moyo ungejaza pengo kwa namna yake. Haikuwa hivyo. Mathayo hakusema mamajusi walikuwa wangapi. Tumehesabu zawadi, tukapata watu watatu. Kitabu cha Matendo chasimulia kuongoka kwa Sauli mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26, wala farasi hatajwi. Hata hivyo sote twamwona Sauli akianguka kutoka juu ya farasi, kama alivyomchora Caravaggio huko Roma mwanzoni mwa karne ya 17.

Wapo wasemao kwamba hali hii yathibitisha umoja wa nafsi ya mwanadamu. Hatulikatai neno hilo lote. Prudentius, mshairi wa Kilatini, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Caravaggio, alikwisha kumwonyesha Kiburi akianguka pamoja na farasi wake. Yaelekea moyo wa mwanadamu hupenda mwenye kiburi aanguke kutoka mahali pa juu, na kwa habari hiyo hauhitaji mwalimu.

Mwenye nyumba ya wageni ni habari nyingine. Huyu hakutoka moyoni. Alitoka katika sura ya 10. Katika mfano wa Msamaria Luka anamtaja kweli mwenye nyumba ya wageni, aliyepokea dinari mbili, na nyumba yake yaitwa kwa Kigiriki pandokheioni. Lakini katika 2:7 neno ni kataluma, ambalo Luka analitumia tena katika 22:11 kwa chumba alimokula Bwana Pasaka pamoja na wanafunzi. Tafsiri yetu ya Union imeandika “nyumba ya wageni” katika 2:7 na katika sura ya 10 pia, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kuona tofauti. Neno kataluma ni pana, na wako wanaotetea tafsiri ya zamani. Hata hivyo Kenneth Bailey, aliyefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi katika Mashariki ya Kati, ameonyesha kwamba habari yote inaeleweka vema katika nyumba ya jamaa: chumba cha wageni kimejaa, basi mama anajifungulia ndani, pale wanyama walalapo usiku na hori ilipo.

Hapa ndipo uchungu wetu ulipo. Nyumba za zamani za Wachaga, zilizoezekwa kwa majani mpaka karibu na ardhi, ziliweka watu na ng’ombe chini ya paa moja. Na hata leo, kila Desemba, wana wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, mpaka watoto wanalala sakafuni. Msikilizaji wa namna hiyo angeweza kumfahamu Luka kuliko wachoraji wengi wa Ulaya. Badala yake tumemfundisha kuona mlango wa hoteli na mgeni anayefukuzwa, tena Bethlehemu, mji wa ukoo wa Yusufu!

Mwaka 1525, akiwajibu waliovunja sanamu, Luther alikiri kwamba asikiapo habari za Kristo, apende asipende, sura ya mtu aliyetundikwa msalabani hujichora moyoni mwake. Hatuwezi basi kuwaambia vijana wasiwaze. Twaweza kuwapa kitu kingine cha kuwaza. Tungependa kuona, angalau mwaka mmoja, igizo ambalo bibi wa nyumba anawapokea kwa aibu kidogo, akisema chumba kimejaa wajomba, kisha anasogeza ng’ombe, anatandika majani makavu, na kuwasha moto. Mchekeshaji wa kundi aweza kuwa mmoja wa wajomba.