Pongezi kwa Fundi wa Chokaa

Katika miji yetu ya kale ya pwani, kama Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu, ambako nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, yupo fundi astahiliye sifa zaidi ya zile tumpazo, naye ni yule ambaye, kabla hajachovya burashi yake, huutayarisha ukuta kwa subira na uaminifu. Huanza kwa kutoa vyombo chumbani na kufunika sakafu. Kisha hukwangua rangi iliyobambuka, hugongagonga lipu ili asikie ni wapi imeachana na jiwe, hufagia chumvi iliyochomozwa na unyevu, na huziba nyufa kwa chokaa na mchanga, wala si kwa saruji, kwa kuwa saruji huuziba ukuta pumzi na kuyafungia maji ndani yake. Hatimaye huulowesha ukuta, ili chokaa isikauke kwa haraka ikageuka unga. Kazi hiyo yote, rangi ikiisha kupakwa, haionekani; lakini ndiyo asili ya uzuri uonekanao. Mwenyezi Mungu ambariki fundi huyo, nasi tuliorithi majumba hayo tumpe taadhima na ujira wa haki.