Vazi la Mrukaji na Hesabu ya Kasi

Aghalabu mtu aliyekwisha kuhitimu mafunzo ya kuruka kwa mwavuli, na ambaye sasa ameazimia kuwa na vazi lake mwenyewe badala ya lile la kuazimwa chuoni, huanza kwa kutazama rangi, kisha huuliza bei, na mwisho kabisa ndipo akumbukapo kuuliza vazi lenyewe lina kazi gani. Nami nashikilia kwamba utaratibu huo umepinduka, kwa kuwa tangu auache mlango wa ndege, mita 4,000 hivi juu ya ardhi, hata aufungue mwavuli, hana chombo cha kutawala kasi yake ila mwili wake na kitambaa kilichouzunguka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo asili ya mambo yote haya. Mtu aangukaye kifudifudi huzidi kwenda mbio kwa sekunde 10 au 12 hivi, mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, na kuanzia hapo hushuka kwa mwendo mmoja, kiasi cha kilomita 190 kwa saa. Basi wachukue warukaji wawili wa umbo moja na mavazi ya namna moja, mmoja ana kilo 81 pamoja na mwavuli wake mgongoni, wa pili ana kilo 100: kwa kuwa ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, yule wa kwanza akishuka kwa kilomita 190, mwenziwe atashuka kwa 211, na tofauti hiyo, ijapokuwa katika karatasi yaonekana haba, ni karibu mita 6 kila sekunde, hata baada ya sekunde 10 tu wawili hao, walioruka kwa madhumuni ya kushikana mikono angani, watakuwa wametengana kwa mita 58. Kweli, mzito aweza kujitandaza na mwepesi akabinua tumbo ili kuwahiana, walakini atumiaye nguvu zake zote kufidia kasi hana tena nafasi ya kufanya lolote jingine.

Hapa ndipo fundi cherehani anapoingia. Mzito hushonewa vazi pana, la kitambaa chenye pamba ndani yake, kinachoishika hewa. Mwepesi hushonewa vazi la kubana, la nailoni laini au kitambaa cha kunyumbuka, na lisipotosha hilo hujifunga mkanda wenye vipande vya risasi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: nitaruka na nani, nao hushuka kwa kasi gani?

Swali la pili ni la namna ya kuruka. Wajengao maumbo angani huhitaji vishikio vya mikononi na miguuni, ambavyo ni mito myembamba iliyoshonewa juu ya vazi ili mwenzio apate pa kukukamata, na kitambaa kinachoshuka mpaka kuvifunika viatu, ili muundi uwe na uso mpana wa kumsukuma mrukaji mbele. Anayeshuka kwa kuketi au kichwa chini, ambaye kasi yake hupita kilomita 250, havihitaji vitu hivyo. Yeye hutaka kitambaa kigumu, na pindo za mikono zisizopanda viwikoni. Ama vazi la mabawa, hilo ni elimu nyingine kabisa, na huko Marekani chama cha warukaji hakimruhusu mtu kulivaa kabla ya kutimiza miruko 200.

Katika kupima ndiko fedha nyingi hupotea. Kanzu hupimwa mtu akiwa amesimama wima, mikono imelegea, na kwa kanzu hiyo ndiyo haki. Bali vazi la mrukaji litavaliwa magoti yakiwa yamekunjwa, mikono imeinuliwa na kifua kimetokeza, na mkao huo huvuta kitambaa begani, kinenani na gotini, hata vazi lililomkaa mtu vema mbele ya kioo likamkaba angani. Mnunuzi asijipime mwenyewe, maana ainamapo kusoma futi kiuno hubadilika. Apimwe na mtu mwingine, tena mara mbili, juu ya nguo zile zile atakazovaa ndani.

Kwa vazi lililokwisha tumika, kagua makalio na magoti, ambayo huburuzwa chini wakati wa kutua, na zipu kuu kwa urefu wake wote. Hasa likitoka mahali kama Diani, ambako warukaji hutua ufukweni na chumvi huyatafuna meno ya zipu za chuma isipooshwa kwa maji baridi.

Kisha valia mwavuli wako juu ya vazi, ungali ardhini, ukalale kifudifudi, na upeleke mkono kwenye kishikio cha kufungulia, kilichoko chini ya mfuko wa mwavuli upande wa kuume, halafu kwenye vile viwili vya kifuani, kimoja cha kuukata mwavuli ulioharibika na kimoja cha kuufungua ule wa akiba. Ikiwa kitambaa kimekifunika kishikio kimojawapo, au chajikunja mkononi unapokivuta, mrudishie fundi vazi hilo siku ile ile.